Jembe, Unyevu wa Udongo na Zao la Soya

Katika masuala yanayomshughulisha mkulima wa nchi zetu, machache yana umri mrefu na jawabu gumu kama suala la namna ya kuitengeneza ardhi kabla ya kupanda: je, igeuzwe juu chini kwa jembe la kukokotwa, ipasuliwe mistari tu, iinuliwe matuta, au iachwe kama ilivyo na mbegu ipenyezwe katikati ya mabua ya mwaka uliopita? Kila namna ina watetezi wake, na aghalabu watetezi hao huzungumza kana kwamba jembe lenyewe ndilo linaloulisha mmea, ilhali mmea, baada ya kupata jua na rutuba, huishi kwa maji; na jembe, liwe la mkono, la ng'ombe au la trekta, halina kazi kubwa kuliko kuamua maji ya mvua yaende wapi. Nimelipima suala hili kwa mizani ya zao moja, yaani soya, kwa sababu mmea huo huonyesha upesi taathira ya unyevu, na kwa sababu umekuwa riziki ya watu wengi katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa Ruvuma, ambako karibu kila ekari hutegemea mvua ya Mwenyezi Mungu peke yake.

Milimita moja ya mvua katika ekari moja ni lita zipatazo 4,000 za maji, na maji hayo yana njia nne mbele yake. Huweza kutiririka juu ya ardhi yakaenda bondeni pamoja na udongo mzuri. Huweza kurudi angani kwa mvuke pasipo kupita katika jani lolote. Huweza kuzama chini mno yakaikimbia mizizi. Au huweza kukaa katika udongo yakangojea kunywewa na mmea. Njia ya nne ndiyo peke yake imfaayo mwenye shamba, na kila tadbiri ya kilimo, hata ikipewa jina la kupendeza namna gani, haina budi kuulizwa imeongeza maji mangapi katika njia hiyo.

Ukubwa wa hasara ya njia ya kwanza ulipimwa zamani hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1930, huko Mpwapwa, wataalamu wa serikali ya Tanganyika walitenga vipande vya ardhi katika mteremko mdogo sana, wakakinga maji na udongo uliotoka katika kila kipande. Katika ardhi iliyolimwa ikaachwa tupu bila mmea, nusu ya mvua ilitiririka ikapotea. Palipopandwa nafaka, ilipotea kama robo. Na palipokuwa na nyasi, haikufika hata asilimia 2. Mvua ilikuwa ile ile na mteremko ule ule. Tofauti ilikuwa ni kile kilichoufunika udongo. Sijui ithibati nyingine ya nyumbani iliyo wazi kuliko hii, nami huona ni hasara kwamba wanafunzi wetu wa kilimo husoma majaribio ya ng'ambo kabla ya kuonyeshwa jaribio hili la Mpwapwa.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Soya ina nyakati tatu ambazo maji huwa ni hukumu yake. Wakati wa kwanza ni wa kuota. Mbegu ya mahindi huota ikiisha kunywa maji yapatayo theluthi ya uzito wake; mbegu ya soya hutaka nusu ya uzito wake, nayo hupandwa karibu na juu, sentimita 3 hata 5, mahali ambapo jua hukausha kwanza. Tena haichipui kwa ncha nyembamba ichomayo udongo kama mahindi: hukunja shingo yake na kuziburura juu sehemu zote mbili nene za mbegu, na ikikuta gamba gumu lililofanywa na matone ya mvua juu ya udongo uliosagwa laini mno, shingo hiyo hukatika, na shamba huwa na mapengo ambayo palizi na mbolea haziwezi kuyaziba. Wakati wa pili ni wa kufanyika vinundu katika mizizi, ambamo bakteria wake maalumu huivuta naitrojeni ya hewa na kuufanyia mmea chakula. Bakteria hao hudhoofika udongo ukikauka na kupata joto kali, na kadhalika hukosa pumzi udongo ukijaa maji. Kwa hiyo ukame wa wiki chache huipiga soya mara mbili, kwa kiu na kwa njaa, msiba ambao mahindi yaliyotiwa mbolea hayaujui kwa namna hiyo. Wakati wa tatu ni wa kujaa kwa maganda. Ua la soya likipukutika kwa kiu, mmea huweza kutoa jingine, lakini punje zikiisha kuanza kujaa, kila siku ya ukame hupunguza uzito usioweza kurudishwa. Kwa msimu mzima zao hili hutaka maji ya milimita 450 hata 700, na mikoa ya kusini aghalabu hupata mvua ipitayo kiasi hicho. Basi shida ya kusini mara nyingi haitokani na uchache wa mvua. Hutokana na mvua hiyo kuja kwa vishindo, kisha kukatika, na udongo kushindwa kuweka akiba ya kuvukia siku za katikati.

Insafu yataka tuanze na mema ya kugeuza udongo, maana si bure kwamba jembe la kukokotwa limetukuzwa karne nyingi. Huyazika magugu, na magugu ni wanywaji wakubwa wa maji. Huuvunja udongo ulioshikana, hata mvua za kwanza zikaingia kwa urahisi; huipa mbegu kitanda laini; huchanganya samadi na udongo; na katika nchi za baridi huifanya ardhi ipate joto upesi wakati wa kupanda. Mwenye shamba lililojaa magugu ya mizizi mirefu, asiye na fedha za dawa, hawezi kulaumiwa akichukua jembe.

Walakini mema hayo mengi ni ya wiki za kwanza. Udongo uliogeuzwa ukaachwa wazi hupoteza unyevu wake wa chini kwa kuletwa juu mbele ya jua na upepo. Mboji yake huungua upesi kwa kuwa hewa nyingi imeingia ghafla, na mboji ndiyo iushikao udongo katika chembechembe zenye matundu ya kupitishia maji. Njia zilizochimbwa na nyungunyungu, mchwa na mizizi iliyooza, ambazo huyateremsha maji hata chini, hukatwa. Kisha matone makubwa ya mvua huupiga udongo usio na kinga, chembe laini huziba matundu, gamba hufanyika, na baada ya mvua kubwa mbili tatu shamba lililokuwa laini kuliko yote huwa ndilo linalokataa maji kuliko yote. Huu ndio uchungu wa jembe: hufungua mlango siku ya kwanza, nalo huandaa kufungwa kwake mwezi wa pili, karibu na siku ambazo soya itaanza kuweka maua.

Kuna dhara jingine lililofichika, nalo ni tabaka gumu. Jembe lipitalo kina kile kile kila mwaka, liwe la chuma lililokokotwa na maksai au la mkono linalogonga sentimita zile zile, hulainisha ardhi ya juu na kuibana ardhi iliyo chini ya wembe wake. Mzizi mkuu wa soya, ambao katika udongo mwema huweza kushuka zaidi ya mita moja, ukifika hapo hugeuka na kwenda ubavuni, na mmea huishi katika shamba kubwa kama mmea ulio ndani ya chungu. Mvua ikinyesha sana, maji husimama juu ya tabaka na vinundu huzama. Mvua ikikatika, maji yaliyo chini hubaki kuwa mali isiyofikiwa. Mkulima huona majani yamekunjika adhuhuri, akasema mvua imemdhulumu, na kumbe maji yangalipo chini ya miguu yake.

Tanganyika iliwahi kulipa gharama kubwa sana kwa kutousikiliza udongo. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulikwenda na matrekta mengi, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwanzoni mwa mwaka 1951 ulivunjwa, baada ya kupoteza fedha zipatazo pauni milioni 36. Udongo wa Kongwa, mwekundu na wenye mfinyanzi, ulilainika kwa mvua na kukauka ukawa mgumu kiasi cha kuzivunja na kuzila nyembe za majembe, na mvua yenyewe ilikuwa haba na ya kubahatisha. Wagogo wa nchi hiyo walikuwa na maarifa yao: huko Dodoma wakulima hutofautisha kukatua, yaani kuvunja udongo, na kuberega, yaani kusafisha juu juu na kupanda pasipo kulima, ili mbegu iwe tayari ardhini mvua ya kwanza ifikapo. Siisifu kuberega kwa kila hali, kwa maana hufuatana na moto uteketezao mabaki na kuuacha udongo uchi, na udongo uchi usiolimwa huweza kuwa mgumu kuliko uliolimwa. Lakini hoja iliyomo, kwamba katika nchi kavu maji ya mvua ya kwanza hayafai kupotea mtu akingali analima, ni hoja ya watu wenye akili.

Hoja hiyo hiyo ilivumbuliwa tena ng'ambo kwa njia ndefu. Marekani, iliyopeperushiwa udongo wake na dhoruba za vumbi katika miaka ya 1930, ilianza kulishuku jembe. Mwaka 1943 Edward Faulkner alitoa kitabu cha kulilaumu waziwazi, na mwaka 1962 huko Kentucky mkulima Harry Young alipanda shamba lake pasipo kulima, akitumia dawa kuua magugu. Miaka kumi baadaye, Herbert Bartz wa Rolândia, katika jimbo la Paraná nchini Brazili, ambaye mvua kubwa zilikuwa zikimbebea udongo kutoka mashamba yake, alisafiri kwenda kumwona Young, akarudi na mashine ya kupandia, na mwaka huo wa 1972 akapanda soya juu ya mabaki ya zao lililotangulia. Majirani walimwona mtu aliyepotewa na akili. Leo sehemu kubwa sana ya soya ya Brazili na Ajentina hupandwa hivyo, na soya ndilo zao lililoupeleka mtindo huo mbele kuliko jingine lolote.

Hata hivyo, anayechukua habari za Paraná na kuzileta Namtumbo, mkoani Ruvuma, kama zilivyo hutenda kosa lile lile la waliopeleka trekta Kongwa. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 610 za kupanda bila kulima, katika mazao 48 na nchi 63, na matokeo yake yalipaswa kuwapoza washabiki wa pande zote. Kwa jumla, kuacha kulima kulipunguza mavuno kwa asilimia 5.7. Lakini palipokuwa na ukame, shamba likitegemea mvua tu, na kuacha kulima kukafuatana na mambo mawili mengine, yaani kuyaacha mabaki ya mazao juu ya ardhi na kubadilisha mazao kwa zamu, mavuno yaliongezeka kwa asilimia 7.3. Maana yake ni dhahiri: kuacha jembe peke yake hakuleti maji, maji huletwa na kifuniko. Mtu akiondoa jembe na kifuniko pamoja, amelichukua lililo baya katika kila upande, kwa kuwa udongo wake haufunguliwi kwa chuma wala haukingwi kwa mabua.

Hapo ndipo suala linapotoka katika fizikia ya udongo na kuingia katika maisha ya watu. Mabua ya mahindi yangalifaa kutandazwa ili soya ipandwe juu yake, lakini mabua hayo yana wadai wengi. Ng'ombe na mbuzi huachiwa mashamba baada ya mavuno, na kwa desturi za mahali pengi si ungwana kumzuia jirani asilishe. Moto wa wawindaji na wa watengenezaji wa mashamba hupita bila hodi mwezi wa Septemba na Oktoba. Wengine huyahitaji kwa kupikia. Soya yenyewe haisaidii sana, maana majani yake hupukutika kabla ya kuvunwa na kuoza upesi, na mabua yake ni machache. Ndiyo sababu soya baada ya soya ni zamu mbaya kwa unyevu, na soya baada ya mahindi au mtama ni njema. Kisha kuna magugu. Huko Brazili na Marekani yaliuawa kwa dawa, na dawa hizo zimezaa magugu sugu yasiyosikia tena dawa ya glifosati. Na parakwati, dawa nyingine iliyotumiwa mwanzoni, ni sumu isiyo na kiuasumu. Kwetu, mkulima asiye na bomba la kunyunyizia akiacha kulima huihamisha kazi kutoka siku za kulima kwenda siku za palizi, na palizi aghalabu ni mzigo wa wanawake. Mtaalamu asiyelitaja jambo hili anapohubiri kilimo hifadhi, yaani hiki cha kuacha kulima, hajamaliza hesabu yake.

Je, matuta? Watu wa kusini wameyazoea, nayo yana fadhila: hukusanya udongo wa juu mahali pamoja, hurahisisha palizi, na katika udongo mweusi wa mbuga, unaoshika maji kama usiotaka kuyaachia, huinua mizizi ya soya isizame. Huko India ya kati, ambako soya nyingi hulimwa katika udongo mweusi wa namna hiyo, vitanda vipana vyenye mifereji kando yake vimefanyiwa majaribio mengi kwa sababu hiyo hiyo. Lakini katika udongo wa kichanga tuta hukauka upesi kwa kuwa jua hulipiga pande zote, na tuta lielekezwalo chini ya mteremko ni mfereji wa kuharibia shamba. Likinge mteremko, na mifereji yake ifungwe kwa vizuizi vidogo kila baada ya hatua kadhaa ili maji yasimame na kuzama. Hapo tuta huwa ghala, pasipo hayo huwa njia ya wizi.

Nimeliacha kwa makusudi hata sasa jambo ninaloliona bora kuliko yote katika habari hii, nalo ni ngoro za Wamatengo wa Mbinga. Watu hawa, waliosukumwa na vita vya karne ya kumi na tisa wakaishi katika milima mikali, walikuta ardhi ambayo mvua moja ingeweza kuikomba yote. Tadbiri yao ni hii. Mwisho wa masika, wanaume hufyeka nyasi zilizoota shambani na kuzipanga katika mistari inayokatana hata zikafanya miraba. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya zile nyasi, hata mlima mzima ukawa na mashimo yaliyozungukwa na kuta za udongo zenye nyasi ndani yake. Maharagwe hupandwa juu ya kuta, na msimu ufuatao mahindi. Mvua ikinyesha, kila shimo hukamata maji yake na udongo wake, na chini ya mizizi nyasi huoza na kuwa mboji inayoshika unyevu. Kutazama ngoro ni kuona yale mambo mawili ya uchambuzi wa mwaka 2015 yametimizwa kwa namna yake na watu wasiokuwa na jarida: mabaki hayachomwi, mazao hupokezana zamu, na zaidi ya hayo maji hayaruhusiwi kuondoka. Udongo huchimbwa, naam, na tena kwa nguvu nyingi. Basi ngoro ni ushahidi kwamba kulima si adui wa unyevu iwapo kulima huko kunakusudia kuyatunza maji.

Linganisha na yaliyotokea Uluguru, ambako serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchonga matuta ya ngazi milimani. Udongo wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, kazi ikawa nzito na faida haikuonekana, na mwaka 1955 watu wakaasi na mpango ukaanguka. Milima ni milima, na nia zote mbili zilikuwa kuhifadhi udongo. Lakini moja ilitoka katika uzoefu wa wenye mashamba, na nyingine ililetwa kwa amri.

Hukumu yangu, basi, ni ya masharti, kwa kuwa udongo haukuumbwa wa namna moja. Shamba lenye tabaka gumu lipasuliwe kwanza, wakati wa kiangazi udongo ukiwa mkavu, kwa jembe la kupasulia linalokata mistari ya kupandia pasipo kugeuza ardhi yote. Kupasua huko hakuna haja ya kurudiwa kila mwaka iwapo mizizi mirefu ya mbaazi au fiwi itaachiwa kazi ya kuiweka wazi ile mistari iliyopasuliwa. Katika udongo mwepesi wenye mteremko, soya ipandwe kwa kuvuruga ardhi kidogo iwezekanavyo, juu ya mabua ya mahindi, na palizi ifanywe mapema kabla magugu hayajashindania maji. Katika mbuga, matuta au vitanda vya kuinuliwa havina mbadala. Na asiyeweza kwa vyovyote kuyaokoa mabua yake, huyo asidanganywe kuacha kulima. Afadhali alime, akinge mteremko, afunge mifereji, apande kwa wakati na kwa mistari ya karibu ili majani ya soya yenyewe yaifunike ardhi upesi.

Lililobaki halimo katika uwezo wa mkulima mmoja. Mabua ya shamba moja hayawezi kusalimika katika kijiji kinachochoma na kulisha kila mahali, hata mwenyewe akeshe akilinda. Kwa hiyo nawasihi madiwani na halmashauri za vijiji vya Songea, Namtumbo na Mbinga wakutane kabla ya kiangazi kijacho, wafugaji na wakulima wakiwa meza moja, waweke sheria ndogo za moto na za malisho, watenge mahali pa kulishia, na waliache hata shamba moja moja kila mtaa likiwa limefunikwa, ili watu waone kwa macho yao udongo ulio chini ya mabua ukiwa na unyevu siku ambazo mashamba ya jirani yamekauka.